Picha Sitini na Mbili za Dakika Moja

Geneviève alikuwa na tabia moja iliyowakera wakubwa zake wote: akifikiri, alifumba macho. Miaka kumi na minne alikuwa afisa wa upelelezi hapa Bunia, na katika miaka hiyo washukiwa wasiopungua watatu walidhani amelala, wakanong'onezana ukweli mbele yake. Jumanne hiyo, saa nane mchana, alikaa hivyo kwenye kiti cha plastiki ndani ya studio ya picha ya Gracia. Mvua nyepesi ilinyesha juu ya bati, jenereta ya jirani ilinguruma polepole kama mtu anayebembeleza mtoto, na Gracia, mpiga picha mwenyewe, hakujua kama aendelee kuongea au amtafutie mgeni mto.

"Mama shefu, uko nalala?"

"Niko nasikiliza. Anza tena. Destin, foto yake ulimupiga siku gani?"

"Nilisha ambia kamanda. Mi sikumbuke. Batu banakuja, napiga, banaenda. Lakini machine inakumbuka. Machine inasema samedi, dix-sept heures quarante-deux."

Ndiyo. Mashine ilisema, na kamanda wa kituo aliiamini kuliko alivyomwamini mama yake mzazi. Jumamosi saa nne asubuhi, dereva wa pikipiki aitwaye Néhémie alimuaga mkewe Solange kule Mudzipela, akaondoka, hakurudi tena. Jumapili Solange akaona kwenye simu yake picha aliyoirusha mtandaoni Destin, rafiki wa mumewe: Destin amekaa juu ya pikipiki, kidevu juu, viatu vinang'aa. Pikipiki ilikuwa ya Néhémie. Solange aliitambua kwa kitambaa chekundu alichokifunga yeye mwenyewe chini ya taa. Kamanda akaja studio, akachungulia kompyuta, akaona tarehe: Jumamosi, saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili za jioni. Mwenye pikipiki ametoweka asubuhi, jioni mwingine anajipigia picha juu yake. Na Destin alipoulizwa mbele ya watu pikipiki ile ni ya nani, alijibu bila kupepesa macho, "Ni yangu."

Basi. Kesho asubuhi angepelekwa kwa mwendesha mashtaka kwa kosa la kuua. Tangu Jumapili polisi sita walikuwa wakichimba nyuma ya kambi ya wakimbizi wa Djugu, ambako Destin alikuwa akiishi, wakitafuta maiti. Hakuna hata mmoja aliyekuwa akimtafuta mtu hai. Hilo ndilo lililomnyima Geneviève raha. Mtu aliyepotea siku tatu huenda bado anapumua mahali fulani, na kila saa wanayopoteza kumchimbia kaburi ni saa anayonyang'anywa yeye.

Akafumbua macho. "Onyesha zote."

"Zote? Iko mingi, Mama."

"Niko na nafasi."

Gracia akafungua folda iliyoandikwa TOKA, picha zikaanza kupita moja baada ya nyingine. Wanakwaya sita wenye vitenge vya kijani. Destin na pikipiki yake ya uongo, au ya kweli. Nyumba yenye maua mlangoni. Mtoto wa ubatizo anayelia, mbuzi aliyefungwa utepe shingoni, mwalimu aliyeshika cheti chake kichwa chini miguu juu. Zilipita kimya na kwa upole, wiki nzima ya watu wa Bunia ikielea kwenye kioo, na Geneviève akahisi kope zinataka kuteremka tena. Halafu akajiona.

"Simama hapo. Rudi nyuma. Moja."

Ilikuwa picha ya maziko. Watu wengi, matope, jeneza jeupe. Katika mstari wa tatu alisimama mwanamke mwenye kitambaa cheusi kichwani, macho yamefumbwa.

"Ah, Mama shefu, njo weye!" Gracia akacheka, kisha akaona uso wa mgeni wake, akakiweka kicheko mfukoni.

"Hii kilio ni ya nani?"

"Ya Mama Félicité, mwalimu. Yule alifundisha siye wote kusoma."

"Tulimuzika siku gani?"

"Jeudi."

"Machine inasema siku gani?"

Gracia akabonyeza. Akasoma. Akasoma tena, safari hii kidole kikifuata herufi. "Samedi," akasema kwa sauti ndogo. "Dix-sept heures quarante-deux."

Geneviève alijua alikokuwa Jumamosi saa hiyo: mezani pake, akigombana na mhuri uliokauka wino. Hakuwa makaburini. Akavuta kiti karibu. "Angalia ya mbuzi."

"Quarante-deux."

"Ya ubatizo."

"Quarante-deux. Mama, hata ya wanakwaya. Zote!" Walihesabu pamoja. Picha sitini na mbili, zote za dakika moja.

"Gracia, mutoto wangu, weye uko na mikono mingapi?"

Hapo ndipo mpiga picha alipojipiga paji la uso, na maneno yakamtoka kama maji ya bomba lililozibuliwa. Wiki iliyopita hakukuwa na mafuta. Barabara ya Mahagi iliharibika kwa mvua, malori yakakwama, jenereta yake ikanyamaza siku tano. Betri za kamera alizichaji kwenye sola ya jirani, akaendelea kupiga. Lakini kompyuta ilibaki imekufa. Jumamosi jioni ndipo alipopata lita tatu, akawasha, akamwaga wiki nzima ndani ya mashine kwa mkupuo mmoja.

"Ukimwaga, unafanya nini kiisha?"

"Nabonyeza ile ya Fabrice."

Fabrice alikuwa kaka yake, aliyekwenda kusoma Kampala. Kabla ya kuondoka alimwandikia dada yake skripti fupi ya kuiamrisha kompyuta, mistari kumi na miwili tu, kwa sababu kamera yake huhifadhi picha nzito za aina ambayo simu nyingi haziwezi kuifungua, na wateja hawataki kumaliza megabaiti zao kwa uso mmoja. Gracia hakuwahi kuifungua. Kwake ilikuwa picha ndogo ya kubonyeza mara mbili, kisha unakwenda kupika chai. Geneviève akamwambia aifungue. Fabrice, Mungu ambariki, alikuwa ameandika maelezo juu ya kila mstari, kama kijana anayemjua vizuri dada yake: chukua kila picha iliyo ndani ya folda INGIA; kata pembeni, acha katikati; punguza upana uwe pikseli mia nane; igeuze kuwa JPG; weka ndani ya TOKA.

"Kwa hiyo ile tunaangalia haiko foto ya kwanza," Geneviève akasema.

"Haiko. Ni mutoto yake."

"Na ile tarehe ni ya siku machine ilizaa mutoto, haiko ya siku mama yake alizaliwa."

Gracia akakaa chini polepole. "Kumbe nilifungisha mutu juu ya lita tatu ya mafuta."

Geneviève hakumfariji, maana hakuwa na muda, lakini moyoni alimwonea huruma. Akauliza kuhusu kamera yenyewe: si huandika tarehe? Gracia akatikisa kichwa. Kibetri cha saa ya kamera kilikufa zamani. Kila ukiizima na kuiwasha, inaamini kwamba leo ni tarehe mosi Januari mwaka 2012. Geneviève akakunja uso. Kisha macho yake yakaenda kwenye majina ya picha, na akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Kamera isiyojua mwaka bado ilijua kuhesabu. Picha ya Destin ilikuwa namba 387. Maziko yalianza 392.

"Namba zinaweza rudi nyuma?"

"Hapana, Mama. Zinapanda tu."

"Na mbele ya Destin?"

"Wanakwaya. 381 mpaka 386. Bale banakuja mercredi, kiisha kuimba."

Kwaya Jumatano, Destin akifuata, Alhamisi maziko. Picha ilipigwa Jumatano, siku tatu kabla Néhémie hajatoweka. Lakini kamanda ni mtu anayetaka kushika kitu mkononi. Namba pekee angezipuuza. "Ile ya kwanza, nzito, ulisha futa?"

"Ningefuta. Kila samedi nafuta kadi. Lakini ndani iko kilio." Gracia akalisema hilo kama jambo linalojulikana na kila mtu. "Foto ya kilio siwezi futa mbele matanga haijaisha. Watu ya marehemu banachukua zao kwanza. Siwezi mufuta Mama Félicité na bado banamulilia."

Akatoa kadi kutoka kwenye kikopo cha sukari, akaichomeka. Picha namba 387 ikafunguka taratibu, kuanzia juu: kwanza mawingu, kisha paa, kisha kichwa cha Destin. Ilikuwa pana kuliko ile ya kwanza. Na kulipokuwa kumekatwa, upande wa kulia, alisimama mtu mwingine.

Alikuwa mwanamume mrefu mwenye shati la bluu, miguu mitupu kwenye kokoto. Mkono mmoja ameshika kandambili zilizochakaa, mwingine amefunika mdomo ili kicheko chake kisimharibie mwenzake pozi. Geneviève akatazama viatu vinavyong'aa miguuni mwa Destin, akatazama ile miguu mitupu, akaelewa kisa kizima bila kuambiwa neno.

"Chukua ordinateri yako, Gracia. Unakuja na mimi."

*

Kwenye kibaraza cha kituo watu wawili walikalia benchi moja, kila mmoja kwenye ncha yake. Huku alikaa Solange, macho yamevimba. Kule alikaa Mzee Fulgence, mkulima wa Mahagi, na sufuria ya chakula iliyofungwa kwa kitambaa. Alikuwa ameshuka kutoka kwenye lori Jumapili ile ile, amekuja kumwona kijana aliyepeleka maneno ya kumposa binti yake Falone, akamkuta anafungwa pingu. Mtu mwingine angegeuka arudi. Yeye alibaki.

"Baliniambia mukwe wangu iko na pikipiki," alimwambia Geneviève asubuhi ile, "na kama haiko mwizi. Siwezi rudi nyumbani mbele ya kujua gani njo uongo."

Geneviève akamleta Destin ofisini. Mlango wa mbao ulikuwa umevimba kwa mvua, haukufunga sawasawa. Kikohozi cha mzee kilisikika kama yuko ndani. Kijana alikaa, mabega yameshuka. Gracia akageuza kompyuta. Destin akaitazama picha, na badala ya kufurahi, akajifunika uso.

"Hii foto inakutoa kwenye buloko," Geneviève akasema. "Juu ya nini unalia?"

"Mama, naomba. Sema polepole." Akaangalia ule mlango. "Andika tu kama niko huru. Usiseme juu ya nini."

"Pikipiki ni ya nani?"

Destin akaangalia mlango tena.

"Destin, mimi nilisha jua. Hata viatu haviko vyako. Ile sijui ni Néhémie alikuambia nini siku ile. Mulikuwa pamoja. Mutu anaongea na rafiki yake. Alisema samedi anaenda wapi?"

Geneviève aliona wazi kwamba jibu limo ndani, limekaa nyuma ya meno, na kwamba kinacholizuia ni kikohozi cha mzee nje ya mlango. Hakuwahi kumwonea mshukiwa hasira kama alivyomwonea huyu mtu asiye na hatia.

"Mficha uchi hazai," akamwambia. "Unaogopa baba mukwe atajua uliazima. Mwenzako pengine iko nalala kwenye majani. Chagua."

Mvua ilikuwa imekatika. Matone yalidondoka kutoka kwenye bati, na mahali fulani redio ikiimba wimbo wa kanisani. Kisha Destin akanyanyua uso, akaongea kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika hadi barabarani.

"Pikipiki ni ya Néhémie! Viatu ni ya Néhémie! Alinipatia juu ya foto, nitume Mahagi, batu ya Falone banione mimi pia ni mwanaume. Mimi siko na pikipiki. Niko nasukuma chukudu, kigari ya mbao, na yenyewe ni ya mutu mwingine." Akavuta pumzi. "Alisema samedi anapeleka muteja mumoja wa kakao ku mji ya Komanda. Alisema ataniletea ndizi."

Nje, benchi lililia. Mlango ukafunguka wenyewe, na aliyesimama hapo alikuwa Solange.

"Komanda?" akauliza. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga. "Siku tatu ulijua ni Komanda?"

Nyuma ya Solange, Mzee Fulgence alikuwa amesimama na sufuria yake mikononi, akimtazama kijana.

Geneviève alikuwa ameshashika simu. Alimpigia mwenzake wa pale njia panda ya Komanda, naye akampa namba ya muuguzi wa kituo kidogo cha afya kando ya barabara, mwanamke aitwaye Aimée. Mtandao ulikuja na kuondoka, sauti ikizama na kuibuka. Ndiyo, mtu yupo. Aliokotwa Jumamosi jioni kwenye mtaro, hana simu, hana kitambulisho, hana pikipiki, mguu umevunjika vibaya. Homa kali, anaropoka tu, jina hasemi.

"Hakuna mutu alikuja kumuuliza," Aimée akasema. "Mutume foto, nitaangalia. Lakini simu yangu ni ya zamani, na réseau ni ile munasikia."

Gracia akaituma picha kutoka kwenye kadi. Kiduara kikazunguka, kikazunguka, kikakata tamaa. Ilikuwa nzito mno. Akajaribu tena, betri ya kompyuta ikashuka hadi asilimia kumi na moja, na kituoni umeme ulikuwa wa kusikia kwa wenzao.

"Pitisha mu ile ya Fabrice," Geneviève akasema.

"Mama, inakata pembeni! Itamukata tena." Gracia akafungua ile skripti, akaukodolea macho mstari wa kukata. "Bon. Fabrice alisema, ukiweka dièse, ile alama #, mbele ya mustari, machine inaupita kama haiuone. Sijawahi fanya."

"Fanya."

Akaweka alama ile moja mwanzoni mwa mstari. Akahifadhi. Akabonyeza mara mbili, na kwa mara ya kwanza maishani mwake hakwenda kupika chai, alisimama akiangalia. Ndani ya TOKA ikatokea picha ndogo, nyepesi kama unyoya, na wote wawili walikuwamo: mwenye viatu na asiye na viatu. Ilikwenda Komanda kwa pumzi moja.

Wakasubiri. Solange alikuwa amejisogeza mpaka kwenye kioo, akimtazama mumewe anavyocheka. Alinyoosha kidole karibu na ile miguu mitupu bila kuigusa. "Alitoka nyumbani na viatu," akasema taratibu. "Nilijiuliza juu ya nini soksi zake zilirudi na vumbi ndani."

Simu ikalia. Geneviève akaiweka mezani ili wote wasikie.

"Ni yeye," sauti ya Aimée ikasema. "Iko muzima, Mama. Nimemuita na jina yake, amefungua macho. Lakini munivumilie, niseme yote. Mguu ya kuume, docta alikata jana jioni. Ulikuwa umeoza. Tungejua jina yake Jumapili, bandugu bangekuja, tungemuleta Bunia, pengine bangeuokoa. Tulingoja mutu aulize. Hakuna mutu aliuliza."

Solange akakaa sakafuni hapo hapo alipokuwa. Alimshukuru Mungu na kulia kwa pamoja, na hakuna aliyeweza kutenganisha shukrani na kilio. Gracia akapiga magoti akamkumbatia, naye akilia. Geneviève aliandika alichopaswa kuandika: mshukiwa hana hatia, picha ni ya Jumatano, tarehe ya faili ni ya mashine, walioiba pikipiki na kumtupa mtu mtaroni watafutwe barabara ya Komanda, kuanzia kwa mteja wa kakao. Akapiga mhuri.

"Destin. Uko huru. Unaweza enda."

Destin hakuinuka. Alikaa kama mtu aliyesahau namna ya kutumia miguu, akiitazama simu pale mezani.

Mzee Fulgence akaingia. Akaweka sufuria mbele ya Solange, akafungua kitambaa, akamwambia ale kidogo kwa sababu safari ni ndefu. Kisha akamgeukia kijana.

"Mimi nilikuja kuangalia mutu wa kuoa mutoto yangu," akasema. "Bado sijamuona. Simama. Tunaenda."

"Wapi, Baba?"

"Komanda, siye na huyu mama. Utamuambia rafiki yako mwenyewe juu ya nini ulinyamaza siku tatu, mimi nikiwa pale."

"Baba, nitamuambia namna gani?"

"Na mudomo," mzee akasema. "Ile ile ulisema nayo 'ni yangu'."

Destin akasimama.